Nyumba kwa Nyumba: Gitaa la besi limefika

Sisi wawili tunaoandika ukurasa huu, mama wa cherehani na mume wake fundi seremala, tuko wazima, ni mvua tu inatusumbua kwenye paa. Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na habari za majiko. Mtusamehe, majiko yatangoja. Kuna kitu kimefika mtaani kwetu hapa Dzaleka ambacho kimekula siku zetu zote, na tunaona habari yake inafaa kila nyumba inayopokea mzigo kutoka ng'ambo, uwe gitaa, cherehani au redio.

Kitu chenyewe ni gitaa la besi. Lilikuja siku ya Jumamosi, mwezi wa kwanza, ndani ya katoni ndefu kuliko meza yetu ya kulia. Mwenzetu mwenye kibali ndiye alikwenda kuichukua Lilongwe, akarudi nayo kwenye basi dogo ameikumbatia njia nzima, watu wanamlalamikia kwamba inawachoma magoti. Kijana mmoja alipoiona inashushwa akasema, "Mbona ndefu kama sanduku la maiti?" Bibi mmoja akamfokea palepale: "Funga mdomo wewe! Hapa hatujazika mtu, tumepokea."

Mwenye mzigo ni mzee jirani yetu. Jina lake tunaliacha, mwenyewe ameomba hivyo, lakini watu wa mtaa mnamjua: ni yule ambaye wengine wakizungumza, yeye anapiga vidole juu ya meza. Kule Bukavu, miaka ya 80, alikuwa mpiga besi wa orkesta moja ndogo ya mtaa. Vita ilipoingia mjini Oktoba 1996, alitoka na watoto wanne na godoro moja. Gitaa lilibaki chini ya kitanda. Tumemsikia mara ngapi akisema, "Lile godoro liliozea njiani. Ningejua, ningebeba gitaa." Na marehemu mke wake, alipokuwa bado yuko nasi, alikuwa akimjibu, "Na watoto wangelala juu ya nyuzi?"

Binti yake wa pili alipata nafasi ya kwenda Marekani mwaka 2016. Anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, anapakia mizigo ya watu. Kwa hiyo anajua vizuri jinsi katoni zinavyorushwa, na ndiyo maana hii aliifunga mwenyewe kama mtu anayefunga mtoto mgongoni. Gitaa alilinunua limetumika kidogo, kwa akiba ya mwaka mzima, na usafiri ulikaribia bei ya gitaa lenyewe. Yote hayo baba yake hakuyajua. Aliambiwa tu: Papa, kuna mzigo unakuja, usiulize.

Basi, Jumamosi ile jioni nyumba ilijaa. Vijana wa bendi ya mtaa walikuwa mlangoni na kisu tayari. Sisi tukasema hapana kwanza. Leo halifunguliwi.

Jamani, tulisemwa! Mmoja akauliza kama tunataka kodi ya kuliona. Lakini sababu ipo, na seremala yeyote atawaambia hivyohivyo. Mbao hata ikishapakwa rangi bado inakunywa maji ya hewa na kuyatoa. Gitaa hili liliondoka kwenye nyumba ya baridi ya Desemba, nyumba inayopashwa moto, ambamo hewa ni kavu kupita kiasi. Limepita kwenye ndege, ambako sehemu ya mizigo inaweza kuwa baridi sana, halafu limeangukia kwenye mvua za Januari huku Dowa, ambako hata chumvi inalowa kwenye kopo. Ukilifungua ghafla, rangi inaweza kupasuka nyufa ndogondogo kama matope yaliyokauka, na shingo inaweza kugeuka kabla hujaigusa. Liache kwenye katoni yake, ndani ya chumba utakamoliweka, usiku mmoja mzima. Siku nzima ni bora zaidi. Usiliweke karibu na jiko wala chini ya bati lenye jua.

Usiku ule haukupita bure. Tuliipiga picha katoni kwa simu, pande zote sita, pamoja na karatasi ya anwani. Hapo ndipo tuliona kona moja imebonyea, na karibu na kona kuna tundu la kuingia kidole gumba. Mzee aliliangalia lile tundu, hakusema neno. Alilala chumba kimoja na ile katoni.

Jumapili saa nane mchana tukafungua. Kisu kiwe kifupi, na kikate gamu ya juu tu, kikilala, kwa sababu hujui nini kimelala chini yake. Tumeshaona cherehani iliyochanwa mkanda na kisu cha mwenyewe. Ndani hatukukuta maplastiki ya kupasua ambayo watoto walikuwa wanayangojea. Tulikuta nguo. Suruali za watoto, sweta mbili, kitenge kimoja kizima, soksi zimeviringishwa kama mipira, vyote vimezungushwa kwenye gitaa na kushindiliwa kila pembe. Binti alikuwa amekwepa kulipia mizigo miwili! Kila nguo ilipotoka iliitwa jina la mwenyewe, ikawa kelele tupu, mpaka gitaa likasahaulika kwa muda. Ndani ya mfuko wa gitaa palikuwa na vifuko vidogo vya punje za kukausha unyevu. Hivyo waondoleeni watoto mara moja, si pipi, vinakaba koo. Lakini msivitupe, viwekeni tena ndani ya mfuko.

Na katoni pia msiitupe. Kuna watu walishaanza kuigawa kwa ajili ya kuezekea banda la kuku. Tuliizuia, mtaona kwa nini.

Halafu gitaa likatoka. Rangi yake nyekundu iliyofifia, bamba jeupe kifuani, nyuzi nne zimelegezwa, jambo zuri, maana husafirishi gitaa nyuzi zikiwa zimekazwa. Mzee hakulichukua. Alifuta mikono kwenye shati mara mbili, akasema, "Fundi, wewe kwanza. Mimi nitaona kwa moyo, wewe ona kwa macho."

Kwa wale wasiojua, tueleze kidogo. Besi si gitaa la kawaida lililokuzwa. Lina nyuzi nne, na ukihesabu kutoka ule mnene zinaitwa Mi, La, Re, Sol, sawasawa na nyuzi nne nene za gitaa lingine, lakini sauti yake imeshuka chini oktava moja. Ule uzi wa Mi unatetemeka kama mara 41 tu kwa sekunde. Ndiyo maana uzi lazima uwe mrefu: kutoka kwenye kimfupa cha kichwani mpaka darajani ni sentimita 86 hivi kwa besi nyingi. Zamani besi ilikuwa lile zeze kubwa la kusimama nalo, refu kuliko mtu. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa kule California, alianza kuuza besi ya umeme inayoshikwa kama gitaa, yenye freti za chuma za kukuonyesha mahali pa kubonyeza, na tangu hapo mpiga besi akaweza kupanda basi kama watu wengine. Ikafika Kinshasa, ikafika Lubumbashi, ikafika kwetu Kivu. Rumba yetu, ile ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2021 katika urithi wa dunia usioshikika kwa ombi la Kongo zote mbili, watu wanaisifia kwa gitaa la solo linalolialia juu. Sawa. Lakini zima besi uone kama kuna mtu atabaki amesimama kucheza.

Vijana wetu hapa wamejua hivyo kwa taabu. Kwa muda mrefu besi yao ni babatoni, ile ya wenyeji wetu wa Malawi, yenye uzi mmoja na shingo ndefu, mpigaji anateleza juu ya uzi na chupa. Hatuidharau hata kidogo. Kinshasa, Staff Benda Bilili walisikika mpaka Ulaya mwaka 2009, na mmoja wao alikuwa anapiga uzi mmoja uliofungwa kwenye kopo. Ila vijana wanataka kupanda jukwaa la tamasha la Tumaini, ambalo limekuwa likifanyika hapa kambini tangu 2014, na nyimbo walizotunga zinataka nyuzi nne. Sasa mnaelewa kwa nini walikuja na kisu.

Turudi kwenye ukaguzi. Fundi alianza kwa kulishika gitaa kama bunduki, kichwa karibu na jicho, akaangalia shingo kwa urefu, upande wa Mi kisha upande wa Sol. Pande zote mbili zikienda sawa, shingo haijajinyonga. Ikiinama kidogo tu mbele si ugonjwa. Kipimo chake: kaza nyuzi kwanza, bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono mwingine ubonyeze kwenye freti ya mwisho, halafu angalia katikati, karibu na freti ya saba au ya nane. Ipite karatasi ngumu kama ya kadi ya mwaliko, bila kusukuma. Ikipita kidole, shingo imeinama mno. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, imebinuka nyuma. Ndani ya shingo kuna nondo nyembamba ya chuma, na ukiizungusha kwa ufunguo wake mdogo wa pembe sita, kulia, shingo inarudi nyuma, kushoto inalegea. Lakini robo ya mzunguko tu, kisha unangoja kesho yake. Tunawajua vijana wetu, watazungusha kama bomba la kisima, ikatike ndani, na hapo shingo ni ya kuni.

Siku hiyo hatukukaza nyuzi bado, tunawaeleza tu kipimo. Kitu cha kwanza ni kuangalia chombo kikiwa kimelegea.

Tulipitisha kiganja pembeni mwa shingo kuona kama ncha za freti zinakwaruza. Zikikwaruza maana yake mbao imekauka na kujikunja, chuma kimebaki kilivyo. Zilikwaruza kidogo. Tukaangalia skrubu nne za nyuma zinazoshika shingo na mwili, zote zimekaa. Tukatikisa gitaa polepole kusikia kama kuna kitu kinalia ndani, hakuna. Tukazungusha vile vifundo vya sauti, kimoja kigumu kama hakijaguswa siku nyingi. Tukachungulia nyuma kama kuna kijumba cha betri. Besi nyingine zina betri ya volti 9 ndani, na ukiacha waya umechomekwa usiku, betri inakwisha. Hili halina, na tukafurahi, maana betri za namna ile sokoni kwetu bei yake ni dhambi.

Kisha kichwa. Mama wa cherehani ndiye aliyeona kwanza, maana macho yaliyozoea tundu la sindano yanaona. Kikazio cha uzi wa Sol kimepinda. Na nyuma, pale shingo inapoanza kuwa kichwa, kuna mstari mwembamba kama unywele.

Watu walisema ni mkwaruzo tu. Tukafunga mlango, tukaweka tochi ya simu pembeni ili mwanga ulale juu ya mbao. Mstari ulikuwa unakatiza karibu nusu ya upana. Basi fundi akapitisha ukucha, ukakwama. Mstari wa rangi na mstari wa mbao si kitu kimoja, jamani. Ukishika kichwa na kukisukuma kidogo sana, kama mtu anayejaribu kifuniko cha chungu, mstari wa rangi haubadiliki. Wa mbao unafungua mdomo.

Ulifungua mdomo.

Nyumba ilinyamaza. Fundi akaeleza kwamba nyuzi nne za besi zikikazwa sawasawa zinavuta kwa pamoja zaidi ya kilo 60, yaani zaidi ya gunia la mahindi la kilo 50 linaning'inia kwenye ufa ule mchana na usiku. Halivunjiki siku ya kwanza. Linavunjika siku ya harusi ya watu.

Hapo mzee akasema maneno ambayo sisi wote tulikuwa nayo kinywani: "Mwandikieni limefika salama."

Ndugu wasomaji, ni nani kati yenu hajawahi kuandika hivyo? Mwenzio ameacha usingizi, amelipa, amefunga, ametuma. Wewe utamwambia nini, kwamba kitu chake kimefika kimevunjika? Ataona huna shukrani. Atalia huko peke yake. Na jirani watasema yule wa Marekani ametuma mabovu. Kwa hiyo unapiga picha upande mzuri, unacheka, unatuma. Sisi wenyewe tunakiri hapa mbele yenu. Mwaka 2019 shemeji alitutumia kichwa cha cherehani, kikafika mkono umevunjika. Tukamwandikia, "Inafanya kazi vizuri sana, asante." Miaka miwili baadaye ndipo tukajua kwamba alilipia bima ya mzigo, pesa ambazo angerudishiwa kama tungemtumia picha moja. Na mbaya zaidi, kila akipiga simu alikuwa anauliza, "Cherehani inasemaje?" na sisi tunabuni nguo ambazo hatujashona.

Tulimwambia mzee habari hiyo, nayo haikumgeuza. Mjukuu wake, binti wa miaka 14 ambaye ndiye anataka kupiga besi (na wale waliosema besi si ya wasichana, tumewasikia), alitaka kitu kingine kabisa: tupake gundi sasa hivi, tufunge nyuzi, mambo yaishe. Tukamzuia na yeye. Ukishatia gundi, nani atathibitisha kwamba kilivunjika njiani? Kampuni za mizigo zinataka picha za katoni, picha za tundu, picha za kitu kikiwa vilevile kilivyofika, na nyingi zinataka katoni yenyewe ihifadhiwe mpaka shauri liishe. Tena zina siku zake. Kwenye karatasi ya mzigo tulihesabu, zilikuwa zimebaki siku tisa.

Mzee alikaa na siku mbili kati ya hizo. Hakuja kunywa chai. Siku ya tatu asubuhi akaja, simu mkononi, akasema, "Nipigieni, nyie mkae hapa."

Huko kwa binti ilikuwa usiku, alikuwa kwenye mapumziko ya kazi. Mzee alisalimia sana, akauliza watoto, akauliza baridi, akauliza watoto tena. Halafu akasema, "Mama, gitaa limefika. Limeumia shingo." Binti alinyamaza mpaka tukadhani mtandao umekatika. Kisha tukamsikia anavuta pumzi, halafu anacheka, halafu hakucheka tena. Akasema, "Papa, miaka yote mnaniambia mko salama. Mama alipoumwa mliniambia yuko salama. Leo ndiyo mara ya kwanza unaniambia kitu kimevunjika." Mzee akashusha simu kidogo, akatazama ukuta wetu. Akajibu, "Sasa nimekuambia." Baadaye wakazungumza mambo yao, sisi tukatoka nje kuangalia kuku.

Picha kumi na moja zilitumwa siku hiyo. Bima alikuwa amelipia, ndiyo. Malipo yalikuja baada ya wiki tatu, hayakufika nusu ya bei, na maswali yalikuwa mengi kuliko pesa. Binti alisema zitumike kulitengeneza, sehemu nyingine tununue kipaza sauti cha bendi.

Matengenezo yenyewe, kwa ufupi. Ufa uliokuwa umefungua mdomo ni bahati, maana gundi inaingia. Tulitoa nyuzi zote na vikazio. Tukatumia gundi nyeupe ya mbao, si ile ya kukauka haraka ambayo vijana wanapenda. Tuliisukuma kwa uzi wa kushonea, tunaupitisha ndani ya ufa huku na huku kama mtu anayesafisha meno, mpaka ikatokea upande wa pili. Vibao viwili vyenye kitambaa, juu na chini, vikafungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa mkanda mrefu na kuvutwa kwa nguvu. Gundi iliyozidi ifutwe hapohapo kwa kitambaa chenye maji. Watu husema masaa ishirini na nne yanatosha. Kwa mvua zile tuliacha siku nne, na mzee alikuwa anakuja kila asubuhi kuuliza kama mgonjwa ameamka.

Siku ya tano tulifunga nyuzi, tukikaza kidogo kidogo, zote nne pamoja, si mmoja mpaka mwisho halafu mwingine. Tochi kwenye ufa kila baada ya mzunguko. Hakuna kilichofunguka. Tukaliacha usiku, asubuhi tukakaza tena.

Bado hatukuwa na kipaza sauti siku hiyo. Vijana walitaka kuchomeka kwenye redio kubwa ya jirani, tukakataa. Spika ndogo haziwezi sauti ya chini namna ile. Ukipandisha volyumu, karatasi yake inachanika, na jirani atakudai redio. Mzee ndiye aliyetuonyesha njia yake ya Bukavu ya siku za umeme kukatika. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa mbao, akagusisha kichwa cha gitaa kwenye mlango, polepole, upande usio na ufa, akapiga Mi. Mlango mzima ukaimba. Kuku walitoka. Mtoto mdogo aliweka sikio kwenye mbao, akakataa kuliondoa.

Alipiga sauti kama sita, saba. Halafu akasimama. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunji tena sawasawa, tangu ajali ya kukata kuni. Alijaribu mara nyingine kwa kuviruka, akacheka, akasema mkono umekuwa mgeni. Kisha akamvuta mjukuu kwa bega, akamkalisha kwenye kile kiti, akaanza kumweka vidole kimoja kimoja kwenye freti. Binti alilalamika kwamba inauma. "Itauma mwezi," mzee akamwambia. "Mimi iliniuma mwezi na nusu, nilikuwa mvivu."

Kitu kimoja cha kupima kwa wale watakaopokea chombo cha nyuzi: gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, utasikia sauti nyembamba kama filimbi. Sasa bonyeza kwenye freti ileile, piga tena. Lazima ziwe sauti moja. Ile ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, uzi ni mfupi, rudisha kile kitako chake cha darajani nyuma kwa bisibisi. Ikiwa chini, kilete mbele. Tulipoteza jioni nzima kwa ule uzi wa La, lakini sasa uko sawa. Na kile kifundo kigumu tulikizungusha mara hamsini huku na huku, mikwaruzo ya sauti ikaisha karibu yote.

Ufunguo wa pembe sita tunao, ulikuja ndani ya mfuko, na mzee amekubali uazimwe, ila uje na fundi au uje na mzazi. Katoni bado iko chini ya kitanda chetu. Shauri limeisha, mwenye banda la kuku anaweza kuja kuichukua. Mazoezi ni Jumatano na Jumamosi jioni, na kipaza sauti kinatumia betri ya gari inayochajiwa kwa sola, kwa hiyo kukiwa na mawingu, mtasikia mlango.

Kilichobaki ni kikazio cha Sol. Tulikinyoosha kwa koleo, lakini jino moja ndani limelika, kila asubuhi uzi umeshuka kidogo na mjukuu anaupandisha kabla ya kwenda shule. Mwenye gitaa la besi lililokufa, ambalo vikazio vyake bado vizima, atuone. Tunahitaji kimoja tu.